Mradi wa Kidijitali Umefika Malakisi: Utajuaje Kama Unakusaidia Kweli?

Mradi mpya ukifika kijijini, kitu cha kwanza utakachoombwa ni kitambulisho na namba ya simu. Unaandikishwa, unapewa soda na mkate, picha inapigwa mkiwa mmesimama chini ya mwembe, na baada ya wiki chache ripoti inasema watu kadhaa wa Malakisi "wamefikiwa". Miaka miwili baadaye wageni wameenda zao, apu haifunguki, na mwenyekiti wa kikundi bado anaulizwa na wanachama: hivi ile kitu ilitusaidia ama haikutusaidia?

Swali hilo tunaulizwa sana na vikundi vinavyotumia huduma zetu. Sanasana huja wakati kuna uamuzi mbele yao. Tuhamishe michango yetu kwenye simu? Tukubali huu mpango wa mbolea kwa apu? Tujiunge na hii ya mikopo? Uamuzi wa aina hiyo ukienda vibaya, pesa inayopotea ni ya karo, ya mbegu na ya hospitali. Ndiyo maana leo tunaeleza kwa urefu jinsi ya kupima programu ya kidijitali, tukitumia mifano ya huku kwetu Magharibi na maeneo jirani.

Kwanza tuweke wazi upande wetu. Sisi ni kampuni ya malipo kwa simu, na tunapata ada mtu anapotuma au kutoa pesa. Kwa hivyo mtu kama sisi akikwambia kwamba kila kilicho kwenye simu ni maendeleo, una haki ya kumuuliza yeye anapata nini hapo. Muulize tu. Shirika lisilo la serikali muulize, serikali muulize, na kampuni ya mikopo muulize mara mbili.

Kuandikishwa ni jambo moja, kusaidiwa ni jingine

Karibu kila programu ya kidijitali hujipima kwa idadi: akaunti zilizofunguliwa, simu zilizogawiwa, watu waliohudhuria mafunzo, meseji zilizotumwa. Hata sisi tunaangalia idadi kama hizo kila asubuhi, na zina kazi yake. Zinatuonyesha mtambo una mzigo gani na mawakala wa upande gani wanahitaji floti. Lakini hazisemi lolote kuhusu sufuria iliyo jikoni kwako.

Angalia takwimu za nchi nzima. Kuna utafiti unaoitwa FinAccess, unaofanywa na Benki Kuu ya Kenya, Shirika la Takwimu la Taifa (KNBS) na FSD Kenya. Mwaka 2006, kabla pesa za simu hazijaanza, watu wazima waliotumia huduma rasmi za kifedha walikuwa asilimia 26.7 tu. Kufikia 2024 walikuwa asilimia 84.8. Hiyo ni hatua kubwa, na nchi nyingi zinatuonea wivu.

Lakini utafiti huo huo unapima pia kitu kinachoitwa afya ya kifedha. Yaani: je, mtu anaweza kumudu mahitaji ya kila siku, akastahimili dharura, na akaweka kitu kwa ajili ya mipango ya mbele? Mwaka 2016 waliokuwa na afya hiyo walikuwa asilimia 39.4. Mwaka 2021 walishuka hadi asilimia 17.1, na 2024 wakawa asilimia 18.3. Kwa hivyo akaunti zimeongezeka na nafuu imepungua, katika nchi hiyo hiyo na miaka hiyo hiyo.

Usikimbilie kusema simu ndiyo imetufanya maskini. Katikati ya miaka hiyo kulikuwa na ukame, kukaja Covid-19, bei ya unga na ya mafuta ikapanda. Pengine bila simu tungeumia zaidi. Na hapo ndipo ugumu wa kupima ulipo. Kujua kilichotokea ni rahisi. Kazi iko kwenye kujua nini kingetokea kama programu haingekuja kabisa.

Chati za Busia na Teso

Kuna kisa kimoja cha majirani zetu tunachokipenda sana, ingawa hakina simu ndani yake. Miaka ya tisini, watafiti waliokuwa wakifanya kazi na shule za msingi za Busia na Teso walitaka kujua kama chati za kufundishia zinasaidia watoto. Hizi ni zile karatasi kubwa zilizofungwa pamoja, mwalimu anafunua moja baada ya nyingine akifundisha sayansi, hisabati na kadhalika. Kwa wakati ule na mahali pale, hiyo ilikuwa teknolojia.

Walipolinganisha shule zilizokuwa na chati tayari na zile zisizokuwa nazo, zenye chati zilionekana kufanya vizuri zaidi kwenye mtihani. Mtu wa kawaida angeishia hapo aandike ripoti: chati zinafanya kazi, tuongezewe pesa. Wao wakaendelea. Walichukua shule 178, nusu yake zikachaguliwa bila upendeleo, kama kura, zikapewa chati. Nusu nyingine zikaendelea kama kawaida. Mitihani ilipofanywa, tofauti kati ya makundi hayo mawili karibu haikuwepo.

Kumbe shule zilizokuwa na chati mwanzoni zilikuwa na mambo mengine pia: mwalimu mkuu anayejituma, wazazi wanaochanga, pengine mfadhili. Chati zilikuwa zimefuata shule nzuri. Hazikuwa zimeitengeneza.

Sasa ondoa chati, uweke apu ya kilimo. Wakulima wa kwanza kujiunga Malakisi watakuwa akina nani? Wenye simu janja, waliosoma kidogo, wenye shamba la kutosha, wenye ng'ombe wa gredi. Mwisho wa msimu ukilinganisha mavuno yao na ya jirani asiyejiunga, lazima yao yatakuwa juu. Yangekuwa juu hata kama apu ingekuwa inawapa habari za mpira. Mtu akija na kipeperushi kinachosema "wanachama wetu huvuna magunia mengi kuliko wasio wanachama", hapo hajathibitisha kitu bado. Mwulize walivuna magunia mangapi kabla hawajajiunga.

Mmoja wa watafiti wale, Michael Kremer, alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 pamoja na wenzake wawili. Sehemu ya njia hiyo ya kupima iliyomletea sifa ilijaribiwa hapa karibu, mwendo wa matatu kutoka Malakisi.

Kutoka kwenye kazi zile zile za Busia kuna jambo lingine la kukumbuka. Vitabu vya kiada viligawiwa shule fulani, na wastani wa alama haukupanda. Waliopanda ni wale watoto waliokuwa juu tayari. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, ambacho kwa watoto wengi ni lugha ya tatu baada ya lugha ya nyumbani na Kiswahili. Kila tunapoona apu ya wakulima ambayo kitufe chake cha kwanza kimeandikwa Kiingereza, tunakumbuka vitabu vile.

Meseji za miwa

Sasa tuingie kwenye simu zenyewe. Zaidi ya miaka 10 iliyopita, huku Magharibi, wakulima wa miwa waliokuwa na mkataba na kampuni ya sukari walitumiwa ushauri kwa ujumbe mfupi: sasa ni wakati wa kupalilia, sasa weka mbolea. Wengine hawakutumiwa, ili ilinganishwe. Jaribio la kwanza, waliopata meseji walivuna zaidi kwa takribani asilimia 11. Meseji ni bei rahisi mno, kwa hivyo hiyo ni faida nzuri sana. Waliofaidika hasa ni wale ambao hawakuwa wamepata mafunzo na hawakuwa wakiwaona maafisa wa kampuni mara kwa mara.

Jaribio likarudiwa. Mara ya pili faida haikuonekana.

Watu wengi wangeficha hilo la pili. Sisi tunaona ndilo lenye maana zaidi, kwa sababu linakuonyesha kwamba programu iliyofaulu mahali pamoja msimu mmoja inaweza isifaulu msimu unaofuata. Mtu akikwambia "hii ilifanya kazi vizuri sana kule Rwanda", mwambie asante, halafu muulize ilifanya kazi mara ngapi.

Kwenye mpango huo wa miwa kulikuwa pia na laini ambayo mkulima anaweza kuripoti kwamba mbolea aliyoahidiwa na kampuni haijafika. Kuwepo kwa laini hiyo kulipunguza ucheleweshaji wa mbolea kwa takribani moja kwa tano. Hebu fikiria kidogo tofauti iliyopo hapo. Meseji za ushauri zilikuwa zinamwambia mkulima la kufanya. Laini ilimpa mkulima nafasi ya kumwambia mkubwa la kufanya. Tukiulizwa sisi, tungechagua programu ya aina ya pili kila siku.

Je, pesa za simu zenyewe zimepimwa?

Ndiyo, na matokeo yake si mabaya. M-Pesa ilianza rasmi Machi 2007. Kabla ya hapo, kuanzia 2005, ilijaribiwa kwa ajili ya kitu tofauti: wateja wa shirika la mikopo midogo walipe marejesho yao kwa simu. Watu wakaanza kuitumia kutumiana pesa. Waliobuni wakaona, wakabadilisha mpango. Kama wangepima tu lile lengo la mwanzo la marejesho ya mikopo, wangeona mambo ya kawaida na pengine wangefunga.

Wachumi wawili, Tavneet Suri na William Jack, walifuatilia familia za Kenya kwa miaka kadhaa. Kwanza walionyesha, mwaka 2014, kwamba nyumba isiyotumia pesa za simu ikipatwa na pigo, kama ugonjwa au kupoteza kazi, matumizi yake hushuka kwa takribani asilimia 7. Nyumba inayotumia haikushuka, kwa sababu ndugu wa Nairobi au Kitale anatuma kitu siku hiyo hiyo. Halafu mwaka 2016 wakachapisha kwamba pesa za simu ziliondoa nyumba takribani 194,000 kwenye umaskini uliokithiri, karibu asilimia 2 ya nyumba zote za Kenya, na kwamba wanawake wapatao 185,000 waliacha kutegemea shamba peke yake wakaingia biashara.

Walipimaje? Hawakulinganisha wenye simu na wasio na simu, maana wangerudia kosa la chati. Walilinganisha maeneo ambayo mawakala waliongezeka haraka karibu na nyumba na maeneo ambayo mawakala walichelewa kufika. Wapo wasomi waliopinga baadaye, mwaka 2019, wakisema hesabu hiyo haikuangalia vya kutosha biashara zilizokufa, madeni, na faida inayoondoka kijijini kwenda kwa wenye kampuni. Hoja yao tunaitaja kwa sababu inatuhusu sisi moja kwa moja, na msomaji anafaa kuijua.

Neno la kubeba kutoka hapo ni hili: kilichosaidia kwenye utafiti ule kilikuwa wakala aliye karibu. Tutalirudia kwenye hesabu ya maziwa.

Meseji imefika, mbolea je?

Wakulima wengi wa Bungoma na Trans Nzoia wanajua mpango wa mbolea ya ruzuku. Kuanzia 2022 uliandikisha wakulima kupitia kwa machifu na manaibu wao, ukatumia vocha ya kielektroniki. Unapata ujumbe kwenye simu kwamba unastahili magunia kadhaa, unalipa, unaenda kuchukua kwenye ghala la Bodi ya Nafaka (NCPB). Bei ilishuka hadi shilingi 3,500 kwa gunia la kilo 50 mwaka 2022, kisha 2,500 mwaka 2023, wakati madukani ilikuwa imeshapita 6,000.

Kwa upande wa kidijitali, mpango huu una sifa. Orodha ya wakulima ilipunguza mianya ya wafanyabiashara kujaza malori kwa jina la mkulima. Lakini mkulima wa Malakisi hawezi kupanda meseji. Aliye mbali na ghala alilazimika kulipa nauli, kupanga foleni, na mara nyingine kuambiwa arudi wiki ijayo na mvua imeshaanza. Baadaye vituo vya karibu na vyama vya ushirika viliongezwa ili kupunguza mwendo huo. Halafu Machi 2024 ikafichuka kwamba baadhi ya mbolea iliyouzwa kwenye mpango haikuwa na viwango. Vocha ilikuwa sahihi, malipo yakapita bila shida, gunia ndilo lililokuwa na walakini.

Ukipima mpango kama huo, usisimame kwenye simu. Fuata mpaka kwenye shimo la mbegu. Mbolea ilifika tarehe gani? Nauli ilikuwa ngapi? Mahindi yaliota vipi?

Vishikwambi vya shule ni vivyo hivyo. Ahadi ilitolewa 2013, vifaa vikaanza kusambazwa 2016, na zaidi ya milioni moja viligawiwa shule za msingi za umma. Ripoti nyingi zilieleza vifaa vilivyofungiwa kabatini kwa kuogopa wezi, na walimu ambao hawakupewa mafunzo ya kutosha. Ila kuna faida moja ambayo watu husahau: ili vishikwambi vifanye kazi, shule nyingi zilivutiwa stima kwa mara ya kwanza. Stima haikuwa lengo lenyewe, lakini iliendelea kuwaka hata vishikwambi vilipokaa kabatini, na madarasa bado yana taa.

Hesabu ya maziwa

Tuje sasa kwenye hesabu unayoweza kufanya wewe mwenyewe. Huu ni mfano wa kubuni, lakini bei si za ajabu.

Tuseme mama mmoja wa karibu na Malakisi anapeleka maziwa kwenye ushirika na mwisho wa mwezi anapata shilingi 1,800. Zamani alikuwa anaenda sokoni kuchukua pesa mkononi. Boda kwenda na kurudi 200, na nusu siku imeisha. Sasa ushirika unamlipa kwa simu. Anatoa kwa wakala wa dukani, ada tuseme 30. Ameokoa 170 kwa mwezi, yaani 2,040 kwa mwaka, na ile nusu siku ni yake. Huo ni msaada wa kweli.

Lakini ushirika unalipa wanachama wote siku moja. Siku hiyo wakala wa kijijini anaishiwa na floti kufikia saa nne asubuhi. Mama anapanda boda mpaka Malakisi kwa 200 na bado anakatwa 30. Sasa analipa 230, zaidi ya zamani, na nusu siku imeenda vilevile. Teknolojia ni ile ile na tarehe ni ile ile. Kilichobadilika ni droo ya wakala.

Tuongeze kitu kimoja. Mradi unasema malipo yataonekana kwenye apu pekee, kwa hivyo aache kabambe anunue simu janja. Kabambe ilikuwa inakaa na chaji siku nyingi. Simu janja inataka chaji ya ziada, tuseme mara 2 kwa wiki kwa shilingi 20, karibu 160 kwa mwezi kama nyumbani hakuna stima. Ile 170 aliyookoa imebaki 10. Hatujanunua bando bado. Bei ya simu yenyewe hatujaitaja.

Kwa hesabu kama hiyo, ushauri wetu kwa ushirika ungekuwa rahisi: lipeni kwa mafungu, siku tofauti kwa vijiji tofauti, waambieni mawakala mapema wajipange na floti, na hakikisheni huduma inafanya kazi kwenye simu ya vitufe. Na mwanachama anayeweza kulipia mbegu au karo moja kwa moja kwa simu bila kutoa pesa taslimu asikatwe ya kutoa bure.

Kuna shirika lililoanzia Bungoma mwaka 2006, One Acre Fund, linalokopesha wakulima mbegu na mbolea. Zamani marejesho yalikusanywa kwa pesa taslimu na maafisa wa mashinani. Walipohamia malipo ya simu, ripoti iliyochapishwa 2017 ilisema gharama ya kukusanya ilishuka kwa takribani asilimia 80 na udanganyifu ukapungua sana. Ukiangalia kwa makini, faida kubwa kwenye hesabu hiyo ni ya shirika. Mkulima alipata kitu kimoja chenye uzito: meseji ya risiti iliyo kwenye simu yake mwenyewe, ambayo hakuna afisa anayeweza kuipoteza. Kikundi kikiwa kinajadiliana na mradi kama huo kina haki ya kusema: gharama zenu zimeshuka, basi na riba yetu ishuke kidogo.

Mkopo wa simu unapimwa tofauti

Kwa mikopo, wingi wa matumizi unaweza kuwa dalili mbaya. Mtu anayetuma pesa kila wiki pengine anafanya biashara. Anayekopa kila wiki pengine anazama. Tuseme ada ni asilimia 7.5 kwa siku 30. Kwa shilingi 1,000 ni 75, na inaonekana ndogo. Ukikopa elfu hiyo hiyo kila mwezi mwaka mzima, utakuwa umelipa 900 kwa kuitumia elfu moja. Kama elfu hiyo ilinunua nyanya Chwele ukaziuza kwa 1,400, umefanya vizuri. Kama ilikuwa ya kulipa mkopo mwingine, hapana.

Hali iliwahi kuwa mbaya mpaka watu wakaorodheshwa CRB kwa vijisenti. Aprili 2020 Benki Kuu ilizuia kuorodheshwa kwa madeni ya chini ya shilingi 1,000, na mwaka 2022 zikaja kanuni za kuwataka wakopeshaji wa kidijitali wawe na leseni. Kabla kikundi chenu hakijakaribisha mkopeshaji yeyote, angalieni kwanza kama yuko kwenye orodha ya wenye leseni, ambayo Benki Kuu huichapisha.

Nani hayuko kwenye mkutano

Anayekuja kwenye tathmini ya mradi ni aliyefaulu. Yule ambaye simu yake ilichukuliwa na mume, yule aliyesahau namba ya siri akaogopa kuuliza, mzee ambaye alama zake za vidole hazisomeki, kijana aliyehamia Lwakhakha: hao hawaji, na hawaonekani kwenye picha. Ukitaka ukweli, chukua orodha ya walioandikishwa siku ya kwanza, uwatafute wote, hata walioacha mwezi wa pili. Walioacha ndio wanajua shida iko wapi.

Uliza pia habari za wanachama zinaenda wapi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kujua kwa nini kitambulisho chako kinachukuliwa, nani atakiona, na kuomba kifutwe. Mradi usioweza kujibu hilo kwa lugha unayoielewa usipewe namba za wanachama. Na namba ya siri haitolewi kwa mradi wowote, hata wetu. Hakuna mfanyakazi wetu atakayekuomba.

Daftari la kikundi

Hakuna haja ya watafiti wala kompyuta. Chukueni daftari moja la kurasa 96. Wachagueni wanachama 10 kwa kura, majina kwenye kofia, wasiwe viongozi peke yao. Kila mwisho wa mwezi andikeni kwa kila mmoja: nauli iliyotumika kufuata pesa au pembejeo, ada zote zilizokatwa, siku ngapi wakala alikosa floti, deni lililobaki, na je, mwezi huu kuna mlo uliorukwa au mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa karo. Kama kuna kikundi jirani ambacho mradi haujafika, kiombeni nacho kiandike mambo hayo hayo. Hicho ndicho kitawaonyesha mambo yangekuwaje bila mradi. Kama mradi hauwezi kuchukua wanachama wote mwaka wa kwanza, pigeni kura ya nani aanze. Ni haki kwa wote, na mtakuwa mmepata ulinganisho mzuri bure kabisa.

Ada zilizokatwa si lazima uzikumbuke kwa kichwa. Kila mteja anaweza kuomba taarifa ya miamala yake, na ukija ofisini au kwa wakala mkuu na kitambulisho chako tutakusaidia kuisoma mstari kwa mstari.

Mvua ndefu huku huanza Machi. Kikundi kinachotaka kupima mpango wa msimu ujao kifungue daftari Januari, kabla meseji ya kwanza ya mradi haijaingia, kwa sababu gharama za zamani zikishasahaulika hakuna mtu atakayeweza kuzirudisha.